Kozi Zinazoanza na Mbili

Kazi yangu ya msimu ni kuandika namba. Tangu matunda ya kahawa yanapoanza kuiva hadi mvua za kwanza, nakaa kwenye kibanda cha mabati kando ya mtambo wa kumenyea kahawa wa kijiji chetu, upande wa Mpepai, na kila gunia linalopita mbele yangu nalipachika namba. Mtambo una mfereji mrefu wa saruji. Kahawa iliyomenywa ikiingia humo, maji yanaamua na hakuna wa kubishana nayo. Punje nzito zinazama na kubaki mwanzoni mwa mfereji, hizo ni namba moja. Nyepesi kidogo zinasukumwa mbele, hizo ni namba mbili. Zinazoelea mpaka mwisho ni namba tatu, na mwenye nazo huwa anatazama pembeni ninapoandika.

Kwa hiyo nimekua nikijua kwamba moja ni bora kuliko mbili, na mbili ni bora kuliko tatu. Sijawahi kukutana na mtu wa kwetu anayefikiri vinginevyo. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele nitachekwa, na nataka angalau msomaji anicheke akijua nilikotoka.

Jambo la pili la kukiri ni kwamba mimi ni mtu wa kuandika upya ukurasa mzima nikikosea herufi moja. Baada ya kidato cha nne sikupata nafasi ya kuendelea, nikajisomea cha tano na cha sita mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na daftari za waliotangulia. Nilifanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafaulu, na chuo kimoja kinachofundisha kwa masafa kikanikubali kusoma shahada ya Kiswahili na Historia nikiwa nyumbani. Aliyejisomea ana ugonjwa wake. Hajui ni lipi wenzake walifundishwa darasani na ni lipi hakuna anayelijua, kwa hiyo anaogopa kuuliza chochote. Kila swali linaweza kuwa lile la kumuumbua. Nilijiwekea sheria: badala ya kuuliza, soma.

Nikasoma mwongozo wa chuo kwenye simu, kurasa zote, pamoja na ramani ya majengo ambayo huenda nisiyaone maishani. Kurasa zote isipokuwa nusu ukurasa. Hiyo nusu ilikuwa na kichwa cha habari "Jinsi Kozi Zinavyopewa Namba". Niliiruka. Mimi nishinde na namba miezi mitano kila mwaka, halafu chuo kije kunifundisha namba?

Mwaka wa kwanza ofisi ilitusajili yenyewe. Nilifungua ukurasa wangu nikakuta KIS 101, KIS 113, HIS 105, na nyingine za aina hiyo. Zote zilianza na moja. Nilizipitia mara tatu kwa kidole. Wamepima cheti changu cha kujisomea, nikawaza, na bado wamenibakiza mwanzoni mwa mfereji. Nilikimbia kumwambia baba. Jumapili iliyofuata, sala ya jumuiya ilipokwisha, baba akasimama akasema, "Binti yangu chuo kimempa namba moja tupu, hakuna hata mbili." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Matokeo ya mwaka huo yalikuwa mazuri isipokuwa doa moja. Kozi moja ya Historia, ile HIS 105, nilipata C. Nililia nyuma ya banda la mbuzi, nikaosha uso, nikaamua kwamba hakuna atakayejua ila mimi, baba na mbuzi.

Kisha mwaka wa pili ukafunguliwa, na safari hii tuliambiwa tujisajili wenyewe. Nilishuka Mbinga mjini, kwenye steshenari ninayoitumia, nikaingiza nywila yangu na kuomba orodha ya kozi za programu yangu. Ikaja. KIS 201. KIS 215. HIS 203. HIS 221. Nikateremsha ukurasa mpaka mwisho nikitafuta inayoanza na moja. Haikuwepo hata kwa dawa.

Kijana wa steshenari alinivumilia kwa muda, halafu akaniuliza, "Dada, unaprinti au unasali?"

"Naprinti," nikasema, nikaprinti orodha ya aibu yangu, nikaikunja mara nne.

Nyumbani nilimkuta baba shambani akikata machipukizi ya mibuni.

"Wamenishusha, baba."

"Wamekushusha kutoka wapi?"

"Kutoka namba moja. Kozi zote za mwaka huu ni namba mbili."

Akaweka mkasi chini. "Kwa ile C?"

"Kwa ile C."

"C moja tu? Hao watu ni wakali kuliko wakaguzi wa kahawa." Akafikiri kidogo, akitafuta neno la kunituliza. "Lakini mwanangu, namba mbili nayo inanywewa."

"Baba!"

"Nakwambia ukweli. Watu wanakunywa na wala hawaulizi."

Sikutulia. Mtu wa aina yangu akishushwa hakai chini kuomboleza, anatafuta namna ya kupanda. Asubuhi iliyofuata, siku ya Jumanne, nilirudi steshenari na kugundua kwamba mfumo unaruhusu kutafuta kozi za idara nyingine. Nikatafuta kila inayoanza na moja ambayo sikuwahi kuisoma. Nikapata utangulizi wa sosholojia, misingi ya uchumi, jiografia ya Afrika, takwimu za awali, elimu ya lishe na misingi ya utalii. Hiyo ya mwisho nilisita kidogo kwa sababu sijawahi kutalii popote, lakini ilikuwa moja, tena moja sifuri moja. Nilibonyeza zote sita. Mfumo ulizipokea bila kunung'unika. Nilihisi nimerudishwa kwenye maji mazuri.

Nilipobonyeza "Wasilisha", maandishi mekundu yakatokea:

"Usajili haujakamilika. Kozi za lazima: 0 kati ya 5. Kozi za hiari: 6 kati ya 1. Mwisho wa usajili ni Ijumaa saa kumi jioni. Asiyekamilisha usajili hatafanya mitihani ya mwaka huu."

Nimesoma hesabu kidogo, lakini sita kati ya moja sikuwahi kuiona. Nilichoelewa vizuri ni sentensi ya mwisho. Siku tatu, halafu mwaka mzima unapotea, na mimi miaka nimeshapoteza ya kutosha. Namba ya simu ya ofisi ilikuwa palepale chini ya ujumbe. Niliipiga mara mbili na kuikata kabla haijaita. Ningesema nini? Samahani, naomba kuuliza sita kati ya moja ni ngapi?

Mtu pekee niliyemfahamu chuoni alikuwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Lundo, kando ya ziwa. Anasoma shahada ileile, amenitangulia mwaka mmoja, na umri wake ni wa kuitwa shangazi. Tulikutana kituo cha mitihani, alipoazima kalamu yangu na kurudi nayo kwao kabisa. Alinitumia ujumbe wa kuomba radhi na hivyo nikapata namba yake. Jumatano nilimpigia. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi ili nisijikwae.

"Shikamoo mwalimu. Nina tatizo dogo la kiutaratibu kuhusu usajili wa..."

"Marahaba. Umekwama?"

"Ndiyo."

"Nisomee kinachosema."

Nilianza kusoma, mtandao ukakatika, ukarudi, ukakatika. Mara ya nne akapaza sauti kama mtu anayeita mtumbwi: "Njoo huku kesho! Na uje na maharage, tumechoka samaki!"

Mtu wa milimani hashuki ziwani mikono mitupu. Nilibeba maharage debe moja, na baba akaongeza kifurushi cha kahawa ya kukaanga, akisema nimwambie mwalimu kuwa hiyo ni namba moja ya kweli. Alhamisi mchana basi liliniacha njia panda, bodaboda ikanimalizia, na nilipofika mwalimu alikuwa ametoka shule muda mfupi uliopita. Alikuwa amejifunga kanga juu ya sketi ya kazini, anageuza usipa kwenye kichanja pamoja na jirani yake, mama mmoja mwenye kicheko kinachosikika kabla hajafungua mdomo. Usipa ni samaki wadogo kama kidole cha mtoto, na wakianikwa wanang'aa kama misumari mipya.

"Mwanachuo amefika," mwalimu akamwambia jirani. "Tena amekuja na maharage. Huyu atafaulu."

Nilitoa karatasi yangu iliyokunjwa mara nne. Nikamweleza yote tangu mwanzo, kwa mpangilio: namba moja za mwaka wa kwanza, makofi ya jumuiya, C ya Historia, kushushwa, na jinsi nilivyojipandisha mwenyewe kwa kozi sita. Alinisikiliza kwa makini. Kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo wewe unaona mia moja ni kahawa nzuri?"

"Ndiyo."

"Na mia mbili ni ya kati."

"Ndiyo."

"Na mimi ninayesoma mia tatu?"

Hilo sikuwa nimeliwaza. Nilitazama usipa. "Sikutaka kusema, mwalimu."

Alishuka chini mchangani. Hakuketi, alianguka kwa kicheko, na jirani yake akashika nguzo ya kichanja ili naye asianguke. "Mimi naelea!" mwalimu akasema akifuta machozi. "Jirani, umesikia? Miaka mitatu nasoma, kumbe naelea!"

"Ndiyo maana kila siku uko ziwani," jirani akajibu.

Nilitamani mchanga unimeze. Halafu nikawaona walivyoshikana mabega, nikamkumbuka baba amesimama katikati ya jumuiya. Nilicheka na mimi. Nilicheka mpaka nikapata kwikwi, na jirani akanipa maji.

Mwalimu alipopata pumzi, alichukua kijiti akaandika mchangani: HIS 221. Alieleza kwa sauti anayotumia kwa darasa la tatu, na sikukasirika.

"Herufi ni ukoo. HIS ni Historia, KIS ni Kiswahili, basi. Namba ya kwanza ni mwaka. Moja ni mwaka wa kwanza, mbili wa pili, tatu wa tatu. Haipimi ubora. Inakwambia umefika wapi."

"Kwa hiyo sikushushwa."

"Umepandishwa, mdogo wangu! Wewe umepandishwa, ukaenda kujishusha mwenyewe, mara sita!"

"Na hii mbili ya katikati?"

"Hiyo ni tawi. Kwenye Historia sifuri ni mbinu za kazi, moja ni Afrika Mashariki, mbili ni Afrika kwa jumla, na kuendelea. Kila idara ina matawi yake. Ya mwisho ni muhula. Ikiwa moja, tatu, tano, saba, tisa, ni muhula wa kwanza. Shufwa ni muhula wa pili."

Nilipiga magoti nikaangalia ile namba mchangani. Yote yalikuwa mle ndani: nani, lini, wapi. Ilikuwa safi kuliko daftari langu lolote. Na yote yalikuwa kwenye ile nusu ukurasa, sina shaka. Baadaye niliisoma. Yalikuwemo, neno kwa neno.

"Na C yangu?"

"C imefaulu. Imeshapita, usiisumbue. HIS 221 inamtaka mtu awe amefaulu HIS 105, na wewe umefaulu. Basi."

Halafu akaniandikia makundi. Za lazima ni zile ambazo bila hizo hakuna shahada, na mwaka wa pili muhula huu ziko tano. Za pamoja ni zile ambazo wanachuo wote wanasoma bila kujali wanachosomea, na zangu nilizimaliza mwaka wa kwanza. Ya hiari ni moja unayochagua kutoka kwenye orodha. Nilikuwa nimeacha za lazima zote na kujaza hiari sita, tena nje ya orodha. Sita kati ya moja ilikuwa sahihi kabisa.

Jioni hiyo tulijaribu kuziondoa zile sita nyumbani kwake. Tukafanikiwa kuondoa nne, mtandao ukalala. Sosholojia na utalii zikanikodolea macho. Nililala vibaya nikihesabu saa zilizobaki, ingawa wali na maharage ya kwetu vilikuwa vitamu.

Ijumaa asubuhi mwalimu alikwenda shule, na jirani akanipeleka kwenye jiwe kubwa mwisho wa ufuo, ambako mtandao unashika vizuri. Niliondoa sosholojia. Niliondoa utalii. Nikaingiza tano za lazima moja baada ya nyingine, nikisoma kila namba kwa sauti: mwaka, tawi, muhula. Nilitumia dakika kumi. Ilikuwa saa nne tu. Nikaona nimemaliza kazi.

Sikuwa nimemaliza. Orodha ya hiari ilikuwa na kozi tisa.

Hapa nakiri jambo ambalo mwalimu bado analisimulia. Nilitoa daftari, nikachora jedwali. Safu tisa, vipengele saba. Nilizipa alama kwa uzito wa yuniti, wingi wa vitabu, urefu wa maelezo, hata kwa jinsi kichwa cha kozi kilivyosikika. Tatu zikalingana. Nikaongeza kipengele cha nane. Mbili zikalingana. Nikakosea jumla, nikachana ukurasa, nikaanza upya. Za lazima nilikuwa nimeziweza kwa dakika kumi. Ya hiari ilinila saa nne nzima, kwa sababu hakuna aliyeniambia ipi ndiyo sahihi.

Saa nane mwalimu akaja akitembea kwa haraka na viatu mkononi.

"Umemaliza?"

"Bado ya hiari."

"Bado nini?"

"Ipi ni nzuri kuliko zote?"

"Hakuna."

"Lazima ipo, mwalimu. Kati ya tisa haiwezi kukosekana moja."

Alichukua daftari langu, akaangalia jedwali kwa muda mrefu, akaligeuza chini juu, akalifunga na kulikalia. "Sasa nisomee majina tu. Usisome namba. Ukifika kwenye unayoitaka, sauti yako itanijulisha."

Nilisoma. Nilipofika kwenye kozi ya kukusanya hadithi za kijijini, akainua mkono. "Hiyo."

"Ndiyo," nikasema. Kisha nikaitazama namba yake. "Hapana. Inaishia na sita. Ni ya muhula wa pili."

Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyesoma sentensi yake ya kwanza. "Ah! Naam. Endelea."

Niliendelea. Ya saba ilikuwa KIS 237, kozi ya msamiati wa kazi na ufundi. Maelezo yalisema mwanachuo atachagua kazi moja, atakwenda kwa wanaoifanya, atawauliza majina ya vitu na kuyaandika. Nyumbani tunaongea Kimatengo, huku ziwani wanaongea Kinyasa na Kimpoto, na mimi siku zote nimeandika magunia bila kumuuliza mtu yeyote anaitaje kitu chochote. Sikuinua macho kumwangalia mwalimu. Mwaka wa pili, muhula wa kwanza, iko kwenye orodha. Kwenye jedwali langu ilishika nafasi ya sita.

"Hii naitaka," nikasema.

"Bonyeza."

"Lakini kwenye jedwali..."

"Jedwali nimelikalia."

Nikabonyeza. Duara dogo likazunguka kwenye kioo cha simu, likasimama, likazunguka tena. Mwalimu aliacha kupumua, mimi niliacha zamani. Saa tisa na dakika ishirini maandishi ya kijani yakaja: "Usajili umekamilika. Lazima: 5 kati ya 5. Hiari: 1 kati ya 1."

Nilimpigia baba palepale. "Sikushushwa, baba. Mbili ni mwaka."

"Kwa hiyo moja ilikuwa..."

"Mwaka pia."

"Hee," akasema. "Na mimi nimeshawaambia jumuiya." Nikamsikia anacheka peke yake huko mibunini. "Basi Jumapili nitasimama tena. Nitasema umevuka."

Tulirudi kwa mwalimu polepole. Basi langu lilikuwa la kesho, na jirani alikuwa bado kwenye kichanja anakusanya usipa waliokauka, akiwatenga kwa mkono katika mafungu, haraka kiasi kwamba macho hayamfuati. Nilisimama kando yake. Hakuna aliyejua kwamba kozi yangu ilikuwa tayari imeanza; ningeweza kusubiri hadi vitabu vifike.

"Mama," nikasema, "samahani. Sijui kitu hapa. Hili fungu mnaliitaje?"

Aliniangalia, akamwangalia mwalimu, akarudi kwangu.

"Hujui kitu kabisa?"

"Kabisa."

"Basi kaa," akasema, akanisogezea kigoda na ungo uliojaa samaki. "Tutaanza na huyu."